Mizani Haijui Utani

Siku ambayo Sikudhani Kondo alikuwa awekewe mimba, alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichotaka kumponza.

Alikuwa amekaa kwenye kiti kirefu katika chumba cha kauli cha Kiota, kituo cha uzazi kilichoko nje kidogo ya mji wa Tabora. Amevaa gauni la kijani la hospitali, lile la kufungwa kamba mgongoni, na miguu yake haifiki chini. Mumewe Mrisho alikuwa ubavuni pake, amemshikia kanga na viatu kama mtu anayesubiri mwenzake atoke kuoga. Mbele yao hapakuwa na mtu. Palikuwa na ukuta mweupe wenye vitundu vya kutokea sauti, na nyuma ya vitundu hivyo ilikuwako Mizani.

"Mpokeaji," ilisema Mizani, kwa Kiswahili kilichonyooshwa kama nguo iliyopigwa pasi, "sheria inakutaka usikie kauli ya mwisho ya mtoaji kabla chungu hakijafunguliwa. Utaisikia kwa sauti yake mwenyewe. Kisha utajibu. Uko tayari?"

Sikudhani alisema yuko tayari. Angesema nini kingine? Mwanamke aliyeendesha treni ya mizigo kutoka Pwani hadi Ziwa Tanganyika kwa miaka mingi, na kila alikoshuka akaulizwa habari za watoto, huyo alikuwa tayari tangu zamani.

Chungu kilikuwa chumba cha pili. Wauguzi ndio waliokiita hivyo, ile mashine ya mviringo yenye joto la mwili wa mama, ambamo kiinitete kililala kwenye kisahani chake kikihesabiwa kila pumzi. Mbegu ilikuwa ya Mrisho. Yai lilikuwa la mwanamke wasiyemjua. Vilipatikana viinitete vitatu, viwili vikadumaa na kufa, na sasa kilibaki kimoja. Kuhusu mtoaji waliambiwa jambo moja tu, nalo ni kabila lake, kwa kuwa kuna wazazi wanaotaka kulijua. Mtoaji naye aliambiwa la kwao. Majina, sura na makazi sheria iliyafungia kabatini.

Ukuta ukakohoa, halafu sauti ya mwanamke ikaingia chumbani, nene, yenye mikwaruzo ya mtu aliyezoea kuimba uwanjani.

"Haya, nasikia mnanirekodi. Akili zangu timamu, sikushurutishwa, hayo nimeshayasema mpaka nimechoka. Sasa nimeambiwa yai langu linakwenda kwa Mzaramo." Sauti ikapasuka kwa kicheko. "Mzaramo! Wanawake wote wa nchi hii wamekwisha, mkanitafutia mtumwa wangu? Basi mwambieni vizuri anielewe. Huyo mtoto ni wangu. Kumnyonyesha atamnyonyesha yeye, nepi atafua yeye, ila akishaota meno nakuja kumchukua. Na nikifika nisikute jogoo amechinjwa, nalala mlangoni pake mpaka majirani waje kuniuliza kulikoni."

Kwa wiki kadhaa Sikudhani hakuwa amecheka. Dawa zilimvimbisha, sindano zilimjaza vinundu mapajani, na usingizi ulimkimbia. Aliposikia maneno yale akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mnyamwezi, jamani! Mtani wake mwenyewe, wa kutukanana naye bila kukasirikiana tangu enzi za mababu. Akawa kama mtu aliyepotea njia ugenini, ghafla akaitwa kwa jina la nyumbani.

Akajibu kama ambavyo mama yake angejibu, na bibi yake kabla ya mama. "Mwambieni aje. Mnyamwezi gani wa kunitisha mimi? Akija namfunga kamba zizini na mbuzi, na huyo jogoo tutamla mimi na mwanangu, yeye anatutolea macho."

Mrisho alikuwa anajifuta machozi kwa kanga ya mkewe wakati taa iliyokuwa juu ya mlango ilipogeuka nyekundu. Katika chumba cha pili ukasikika mlio mdogo wa chuma kikikutana na chuma.

"Mtoaji amedai mtoto," ilisema Mizani. "Mpokeaji amelisikia dai, amelipinga, na ametishia kumfunga mtoaji kamba. Kuna mgogoro juu ya kiinitete. Chungu kimefungwa."

*

Daktari Tusajigwe alikuja mbio, kofia ya upasuaji imemkaa upande. Alikuwa mama wa Kinyakyusa mwenye mikono midogo na subira kubwa, na katika muda wote aliowatibu hawakuwahi kumwona akihema. Alisikiliza kauli zote mbili tangu mwanzo. Kwenye habari ya jogoo mdomo ulimcheza, akajizuia, kisha akaketi sakafuni pale pale kwenye vigae.

Akawaeleza kwamba yeye anaelewa, kila mtu mle ndani anaelewa, hata mlinzi wa getini angeelewa. Kwao Mbeya pia wana watani wao. Lakini asiyeelewa ni mmoja, na huyo ndiye mwenye ufunguo.

Ilikuwa hivi. Baada ya Miaka ya Joto, mayai ya wanawake wengi yalianza kuisha wakiwa bado vijana. Sikudhani mwenyewe, yake yaliisha kabla ya kutimiza thelathini. Yai la mwanamke likawa kitu adimu, na penye kitu adimu hapakosi wezi. Wasichana waliitwa kupimwa afya bure, wakaamka na kovu wasilolijua. Wakubwa waliokamatwa walitoka mahakamani wakitabasamu. Ndipo watu wakasema wanataka hakimu asiye na ndugu wala tumbo, wakatengenezewa Mizani, mashine ya kuhukumu. Haihongeki, haiogopi, haina shemeji. Hakuna daktari wala waziri anayeweza kuifungua inapofunga. Daktari Tusajigwe alisema hilo kwa heshima, maana mdogo wake alikuwa mmoja wa wasichana wale wenye makovu.

"Siilaumu," alisema. "Imefanya kazi yake. Mwanamke akisema mtoto ni wangu, ni lazima asikilizwe. Sisi ndio tulisahau kuifundisha kwamba kuna watu wanaosema hivyo kwa kupendana."

Njia ya mkato ilikuwepo. Mtoaji angeitwa, aape mbele ya Mizani kwamba dai lake ni la uongo. Kiapo hicho kinaitwa kiapo cha kufuta. Akishakila, jina lake, damu yake na sauti yake vinateketezwa, na mtoto hatamjua milele, hata akiwa mtu mzima akatafuta kwa tochi. Chungu kinafunguka hapo hapo.

Na kungoja hakuwezekani. Ukuta wa mji wa mimba wa Sikudhani ulikuwa umeiva leo, na ulivyozipokea dawa safari hii kwa shingo upande, daktari hakuamini utaiva tena. Kiinitete nacho kilikuwa dhaifu, hakingestahimili kugandishwa. Ni kabla ya magharibi, ama basi.

Daktari akatoka kwenda kumpigia mtoaji. Mrisho akamvisha mkewe kanga mabegani, wakabaki wanautazama ukuta.

Sikudhani hakumwambia mtu kilichokuwa kinampita moyoni, maana kilimtia haya yeye mwenyewe. Kile kiapo cha kufuta kilimsikikia kitamu.

Kisarawe, nyumbani kwao, alikuwa akiishi mama yake Mrisho, Bi Mwajabu. Mama huyo alimpenda mkwewe kuliko kiasi. Alimkanda mgongo kwa mafuta ya nazi, alimfungia nadhiri, alimnyamazisha kila jirani mwenye mdomo. Lakini siku moja, walipoambiwa kwamba binti wa mtaa wa pili amezaa kwa yai la kupewa, Bi Mwajabu alisema, huku anachambua mchele, "Mtoto wa kuazima huyo. Siku moja mwenyewe atabisha hodi." Akaendelea kuchambua mchele. Sikudhani alikuwa jikoni. Tangu siku hiyo yeye na Mrisho walikubaliana kwamba Tabora wamekwenda kutibiwa tu, na yai ni lake.

Sasa huyo mwenyewe amebisha hodi, tena kabla mtoto hajaingia tumboni. Na kulikuwa na kiapo cha kumfukuza, ashindwe kurudi daima.

Mrisho hakuwa mjinga. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, kazi yake ni kusoma nyuso za watu wasiojua kujieleza. Akamwambia mkewe polepole kwamba akichagua kunyamaza, watanyamaza wote wawili, na akichagua kusema, watasema wote wawili. Sikudhani akamwinamia begani, akachukia kwamba mume mwema hasaidii kuamua.

*

Mtoaji alifika bado amefungwa mkanda wa kupandia mapaa. Aliitwa Kalunde Mashauri. Kazi yake ilikuwa kufunga mitambo ya umeme wa jua, na sifa yake, ile iliyovuma hadi Nzega na Urambo, ilikuwa umanju. Alitunga papo hapo nyimbo za kuchokoza ngoma pinzani, na wapinzani walisafiri mbali kuja kutukanwa naye. Sheria iliyokataza watoaji na wapokeaji kuonana ilikuwa na mwanya mmoja tu, nao ni mgogoro. Utani wao ndio uliofungua mlango.

Hakusalimia. Alisimama kizingitini, akamtazama Sikudhani juu mpaka chini, kisha akajilaza chali sakafuni, mkanda na vyuma vyake vikalia.

"Jogoo yuko wapi?" aliiuliza dari.

Sikudhani alitaka kucheka na kulia kwa pamoja, akashindwa vyote. Daktari akainama, akamnong'oneza yule mwanamke yote yaliyotokea. Kadiri alivyosikia ndivyo uso wake ulivyopoteza mchezo. Akainuka, akajipangusa vumbi, akamwamkia Mrisho, akamsogelea Sikudhani na kumshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole, mtani," alisema. "Mdomo wangu umetuponza."

"Na wangu," Sikudhani alisema.

"Mtoaji," ilisema Mizani. "Umedai kwamba mtoto ni wako na utamchukua akiota meno. Je, dai hilo ni la kweli au la uongo?"

Swali rahisi, na kila mtu mle chumbani alilijua jibu la kumaliza kazi. Kalunde, manju mzima aliyewahi kushindana kwa maneno tangu asubuhi hadi watu wakasahau kula, akasimama mbele ya vitundu vya ukutani hana la kusema.

Alipopata sauti hakuelekea ukutani. Aliwaambia wao. Baba yake alifia Ruvu, kambini kwa wajenzi wa reli, Kalunde akiwa bado mtoto mdogo. Mafuriko yalikuwa yamekata njia zote, na nyumbani hakuna aliyeweza kwenda. Wazaramo wa kijiji cha jirani wakasikia kuna Mnyamwezi amekufa hana ndugu. Wakaja. Hawakumjua jina. Walichimba kaburi, na lilipokuwa tayari mama mmoja wa makamo akaruka ndani, akalala, akasema Mnyamwezi haingii humu mpaka anivulie viatu vyake. Watu walicheka huku wanalia. Wakambembeleza, wakampa viatu, akatoka, wakamzika mtani wao kwa heshima zote. Rafiki wa baba yake ndiye aliyewaletea habari hizo, na mama yake Kalunde, ambaye alikuwa hajala tangu msiba uingie, aliposikia habari ya viatu akacheka, kisha akaomba uji.

"Baba yangu alizikwa na utani," Kalunde alisema. "Nikiiambia hii mashine kwamba ni uongo, basi alizikwa na wendawazimu. Nilipoambiwa mpokeaji ni Mzaramo, nilifurahi mimi. Nikasema nimepata pa kupeleka shukrani."

Akavuta pumzi, akajifuta uso kwa kiganja chenye grisi.

"Lakini mtoto ni mkubwa kuliko neno langu. Kaburi limeshafukiwa, yeye ndiye bado hajazaliwa. Nifundisheni hicho kiapo, nikile, nirudi paani."

Hapo Sikudhani alimwona mwanamke yule alivyo mkubwa, na ukubwa huo ukamtia aibu. Alikuwa ametoa yai, sindano kwa sindano, maumivu kwa maumivu, kwa mtu asiyemjua. Sasa alikuwa anatoa na kaburi la baba yake, bila kuombwa. Kilichobaki kwa Sikudhani ni kukaa kimya tu. Akinyamaza, chungu kinafunguka, Bi Mwajabu hatajua, na mtoto atakuwa wake peke yake mpaka kufa. Hakuna ambaye angemlaumu, kwa kuwa hakuna ambaye angejua.

Mizani ilikuwa imeanza kutamka maneno ya kiapo, na Kalunde amenyoosha mkono wa kulia.

"Ngoja," Sikudhani alisema.

*

Aliiuliza Mizani itakuwaje kama dai si la uongo, na yeye halipingi.

Mizani ilijibu kwamba dai la kweli lisilopingwa lazima liandikwe chini ya kichwa chake. Vichwa viko vitatu: mali, damu na malezi. Anayedai kwa mali hulipwa. Anayedai kwa damu hupewa mtoto. Anayedai kwa malezi hugawana siku na mwenzake. "Hili ni lipi?"

"Hakuna hata moja," Sikudhani alisema.

"Basi nielezeni. Mtoto ameota meno. Mdai amefika mlangoni. Mpokeaji atafanya nini?"

Sikudhani alimtazama Kalunde. "Nitamfukuza kwa mwiko."

"Ataondoka?"

"Haondoki. Atalala kizingitini."

"Kisha?"

"Kisha nitampikia."

"Mtoto yuko wapi wakati huo?"

"Mgongoni kwangu," Kalunde alidakia. "Nimeshamwiba. Nazunguka naye mtaa mzima natangaza kwamba nimempata kijana wangu, na hawa Wazaramo walikuwa wanamshindisha njaa."

"Mpokeaji hatapiga kelele?"

"Nitapiga sana," Sikudhani alisema. "Na majirani watanisaidia."

"Jioni mtoto yuko wapi?"

"Nyumbani."

"Nani amemrudisha?"

"Huyo huyo mwizi."

Mizani ikanyamaza. Daktari Tusajigwe alisema baadaye kwamba katika kazi yake yote hakuwahi kuisikia ikinyamaza muda mrefu kiasi kile. Iliuliza tena, na safari hii maswali yalikuwa ya mtu anayetaka kujua, wala si ya mtu anayetafuta kosa. Je, mtoto akiumwa, mdai atakuja? Atakuja, na atamtukana mgonjwa mpaka acheke. Akifa mpokeaji? Mdai ataingia kaburini kwanza. Akifa mdai? Mtoto ndiye atakayekwenda kumkejeli maiti, tena ole wake asipokwenda. Je, mdai anaweza kulikana dai hili? Kalunde akasema hawezi, hakulianzisha yeye. Kila mara linadaiwa na kila mara linarudishwa? Ndiyo.

"Sina kichwa cha jambo hili," ilisema Mizani. "Sijui. Lakini naona lina umbo."

Sikudhani hakuwahi kufikiri kwamba angeiheshimu sauti ile. Mahakimu wangapi wa nyama na damu wamewahi kukiri mbele za watu kwamba hawajui?

Kisha ikataja gharama. Jambo walilolieleza si la watu wawili, ilisema, ni la makabila mawili, kwa hiyo wawili wao hawatoshi kulishuhudia, hasa kwa kuwa wote wana wanachokitaka. Ilihitaji mkubwa wa nyumba atakamolelewa mtoto. Mkubwa huyo aambiwe ukweli wote: yai si la mpokeaji, mwenyewe ni nani, na amesema nini. Aambiwe pia kwamba Mizani inasikiliza. Asifundishwe jibu. Akilitambua dai kama walivyolieleza wao, chungu kitafunguka. Asipolitambua, au akiliona ni la damu, mgogoro utabaki, na kiapo cha kufuta hakitawezekana tena, maana wote wawili watakuwa wameshasema dai ni la kweli.

"Mnaweza kuchagua kiapo sasa," ilisema. "Baada ya simu hamtaweza."

Mrisho akasimama. Akasema Bi Mwajabu ni mama yake, atapiga yeye. Sikudhani akamnyang'anya simu.

"Aliyenikanda mgongo ni yeye," alisema. "Nitamwambia mimi."

*

Bi Mwajabu alipokea upesi, kama aliyekuwa ameikalia simu. Sikudhani alimwamkia, akaitikiwa, akaulizwa kama wameshamaliza na kama amekula.

"Mama, kuna mashine ya sheria hapa inatusikiliza. Nina neno la kukwambia, nalo ni la kweli."

Akalisema lote kwa mkupuo, maana angepumzika angerudi nyuma. Kwamba mayai yake yaliisha zamani. Kwamba yai hili amepewa na mwanamke mwingine. Kwamba Mrisho alijua, na yeye ndiye aliyeomba wamfiche.

Upande wa pili walisikika kuku wa Kisarawe, na mtu akipita barabarani na redio.

"Mgongo wako nimeukanda kwa mikono hii," Bi Mwajabu alisema mwishowe, sauti imeshuka. "Na hukuniambia."

"Niliogopa, mama."

"Uliniogopa mimi."

"Ndiyo."

Sikudhani alifumba macho. Aliona wazi kwamba amechoma kila kitu, mtoto, mama na kaburi la Ruvu, kwa ajili ya kutaka kuwa mtu mwema dakika moja. Dirishani jua lilikuwa limeshaanza kulala juu ya mabati.

"Na huyo mwanamke ni kabila gani?"

"Mnyamwezi, mama. Na amesema mtoto akishaota meno, atakuja kumchukua."

Hakuongeza neno. Daktari alikuwa amejiziba mdomo. Kalunde ameshikilia mkanda wake wa kazi kama aliye juu ya paa lenye utelezi.

"Yupo hapo?" Bi Mwajabu aliuliza.

"Yupo."

"Mpe simu."

Sikudhani akaiweka kwenye spika ili wote wasikie, akamnyooshea Kalunde.

"We Mnyamwezi."

"Naam, mama," Kalunde alisema, kwa adabu ambayo ngoma pinzani wasingeiamini.

"Babu zako walibeba mizigo kutoka huko kwenu mpaka huku Pwani. Kwa miguu. Vichwani. Jua lao, mvua yao, na mzigo wa mtu haukuachwa njiani. Ni kweli si kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Sasa wewe mzigo wangu umeutua Tabora, umemwachia daktari, umerudi zako kupanda mapaa. Nani kakufundisha uvivu huo? Ubebe. Uufikishe. Ukiuangusha, mimi mwenyewe nitapanda hiyo treni nije nikuchape mbele ya wanao."

Kalunde alijaribu kujibu. Machozi yakamshuka mashavuni yakichora njia kwenye vumbi. Ilibidi amtafute mtu wa kumshika, akamshika Sikudhani.

"Na jogoo, mama?" alisema hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Jogoo atakuwepo. Uje na tumbo lako tu, maana mchele wetu nyie mnaujua." Kisha sauti ya mama ikabadilika. "Sikudhani."

"Abee, mama."

"Hili la kunificha tutalizungumza nyumbani. Halijaisha. Sasa nenda kalale, ufanyiwe hiyo kazi, jua linakwenda."

Simu ikakatwa.

"Dai limetambuliwa," ilisema Mizani. "Nimelifungulia kichwa cha nne. Jina la mtoaji litabaki, na mtoto atalijua. Chungu kiko wazi."

Muuguzi alikuwa ameshavaa glavu, ameshafika kwenye mlango wa chungu, aliposikia nyuma yake Kalunde akiuliza ni nani hasa aliyeambiwa abebe. Muuguzi akamtazama daktari. Daktari akautazama ukuta. Ukuta haukukataza.

Wakamvua mkanda wa kazi, wakamwosha mikono mpaka kwenye viwiko, wakamvika gauni, kofia na barakoa, yakabaki macho tu. Sikudhani alikuwa ameshalazwa chumba cha tatu, Mrisho kichwani pake, mlango uko wazi. Akamwona Kalunde akitoka na kisahani juu ya viganja vyake viwili, daktari amemwongoza kwa kiwiko. Yule mwanamke aliyezoea kukimbia juu ya mabati ya watu alikuwa akitembea kama aliyejifunza kutembea leo. Ndani ya kile kisahani hapakuwa na kitu ambacho jicho lingeweza kukiona.

Sikudhani alitafuta neno la kumchokoza, akaona hana. Alimpenda mno wakati ule.

"Taratibu, mtani," alisema.

Kalunde hakujibu. Alikuwa amebeba.